Sura ya Nne: Ng'ombe Ana Hereni, Muuzaji Je?

Mtu wa Mwankoko akitaka kuuza ng'ombe, maswali humwanza kabla mnyama hajatoka zizini. Ng'ombe ni wa nani? Kazaliwa hapa au alinunuliwa? Ana chapa gani? Mtendaji huandika barua, afisa mifugo hutoa kibali cha kumsafirisha, na kule mnadani kijana wa ushuru humsubiri mwenye mali getini.

"Mzee wangu, ng'ombe huyu wa nani?"

"Wangu. Mama yake yuko zizini, kaulize Mwankoko nzima."

"Mwankoko nzima siwezi kuiuliza, Mzee wangu. Naomba barua."

Sasa tuseme ng'ombe kauzwa, na jioni ile ile kijana wa nyumba hiyo kakaa na simu yake anatafuta pampu ya kumwagilia bustani. Anaukuta ukurasa wenye picha safi, wafuasi maelfu kwa maelfu, na yale maneno tuliyoyazoea: bei njoo inboksi, mikoani tunatuma. Wanaelewana. Atume hela yote leo ili mzigo upande basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam. Anaingiza namba ya siri, na fedha ya ng'ombe aliyeulizwa mpaka mama yake inakwenda kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza hata anakaa wapi.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, upande ambako mji unaishia na mashamba ya alizeti na uwele yanaanza. Kuuza na kununua na watu wa mbali si jambo geni huku. Kuku wa Singida wamesafiri kwenye matenga juu ya mabasi tangu zamani, na asali na vitunguu vikafuata njia hiyo hiyo. Siku hizi biashara imehamia simuni, na geti halikuhama nayo. Ulaya nao waliliona pengo hilo, wakatunga sheria ya kuliziba. Wengi wakiisikia husema ni sheria ya kumtaka muuzaji atoe kitambulisho. Hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba sheria ilimtaja kwa jina anayepaswa kukiomba hicho kitambulisho.

Maneno matatu ya mfugaji

Mwaka 2010 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Lisome tena jina hilo polepole, maana maneno yake matatu yanafanya kazi tatu. Utambuzi ni kumjua mnyama huyu kuwa si yule. Usajili ni kuandika daftarini kwamba mnyama huyu ni wa mtu huyu. Ufuatiliaji ni uwezo wa kurudi nyuma: ukimkuta ng'ombe mgonjwa machinjioni, uweze kupiga hatua moja moja kutoka machinjioni hadi mnadani, mnadani hadi barabarani, barabarani hadi kwenye zizi alikotoka. Chapa za moto zilifanya sehemu ya kazi hiyo. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, na mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ikaendelea kuzitundika masikioni.

Hereni haimzuii mwizi kuiba. Inachofanya ni kumfupishia mwenye mali njia ya kumfikia mwizi, na mwizi akijua njia ni fupi, huogopa.

Kwenye simu, maneno mawili ya kwanza tunayo. Kuanzia Januari 20, 2020, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA, zilianza kuzimwa. Watu walipanga foleni, vidole vikabanwa kwenye mashine, na nchi ikawa na daftari la laini za simu lenye alama za vidole, ambalo mataifa mengi hayana. Hata hivyo ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukufa. Uliendelea kuingia kwenye simu za watu, hadi Mamlaka ya Mawasiliano ikaweka namba 15040 ya kuwaripoti wanaoutuma, na *106# ya kumwezesha mtu kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kwa nini mwenye laini anaangalia laini zake mwenyewe? Kwa sababu nyingine si zake. Bibi mmoja aliweka kidole mara mbili kwa kijana wa msajili aliyesema mashine imegoma. Mara ya pili haikuwa kwa ajili ya laini ya bibi. Utambuzi ulifanyika, usajili ukafanyika, na jina lililoandikwa ni la mtu halisi. Lakini ukilifuata unafika kwa bibi asiye na habari, na hapo njia inakatika.

Yako pia yale majina yanayojitokeza kwenye skrini kabla hujathibitisha malipo. Yametuokoa wengi. Lakini muuzaji akikwambia "jina litakuja la mhasibu wangu", utafanya nini? Skrini inakuonyesha kwamba mtu mwenye jina hilo yupo duniani. Kama ana duka, kama pampu ipo, na kama kesho atapokea simu yako, skrini haina habari.

Muuzaji jitaje, mwenye soko hakikisha

Ulaya walianza mahali tulipo sisi leo. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa biashara ya kielektroniki uliomtaka anayefanya biashara mtandaoni aweke wazi jina lake, anwani yake na namna ya kumpata. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina wazo kama hilo: anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe kwa mnunuzi. Ni agizo zuri, na muuzaji mwaminifu hulitii. Tatizo ni kwamba hakuagizwa mtu mwingine yeyote kuhakikisha. Ni kama kuweka kibao njiani kiandikwe "mwizi wa ng'ombe ajitaje", kisha getini pasiwe na mtu.

Kesi moja iliwafungua macho. Kampuni ya vipodozi ya L'Oréal iliishtaki eBay huko Uingereza, ikilalamika kwamba kwenye soko hilo ziliuzwa bidhaa bandia na sampuli ambazo hazikutakiwa kuuzwa. Swali likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo ikatoa majibu yake Julai 12, 2011. Kati ya mengi iliyosema, moja linatuhusu: mwenye soko anaweza kuamriwa achukue hatua za kurahisisha kuwatambua wauzaji wake. Faragha ya mtu iheshimiwe, lakini anayefanya biashara, si mambo yake ya nyumbani, lazima ajulikane ni nani.

Hukumu ile ilizungumzia amri ya mahakama, yaani mpaka mtu aende kushtaki kwanza. Miaka kumi na moja baadaye likawa jukumu la kila siku. Oktoba 2022 Ulaya ilipitisha Sheria ya Huduma za Kidijitali, ikaanza kutumika kikamilifu Februari 17, 2024. Kifungu chake cha 30 kinahusu, ukikiita kwa Kiswahili cha wafugaji wetu, ufuatiliaji wa wafanyabiashara. Kwa kifungu hicho, mwenye soko la mtandaoni ambako mnunuzi anaweza kufunga mkataba na mfanyabiashara haruhusiwi kumpa mfanyabiashara huyo nafasi ya kuuza kabla hajakusanya taarifa zake. Akizembea, soko zima linaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote.

Vikapu vinakwenda Ulaya

Tuifuate sheria hiyo kwa miguu. Tuseme mama mmoja wa Mwankoko, msukaji wa vikapu kama wanawake wengi wa Kinyaturu, anataka kuviuza kwenye soko la mtandaoni linalohudumia wanunuzi wa Ulaya. Yuko Singida, lakini sheria inamgusa, kwa kuwa inaangalia mnunuzi yuko wapi.

Kwanza ataombwa jina, anwani, simu na barua pepe. Kwenye anwani, mama wa Singida wa miaka ya nyuma angekwama: "nyuma ya shule, nyumba yenye mwembe" si anwani inayosomeka Berlin. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya Sensa ya Agosti 23 mwaka huo, ndiyo iliyosambaza majina ya mitaa na namba za nyumba nchi nzima. Wengi tulidhani ni kazi ya makarani wa sensa tu.

Pili, nakala ya kitambulisho, au utambuzi wa kielektroniki. Tatu, akaunti ya kupokelea malipo. Nne, kama biashara imesajiliwa, jina la daftari na namba yake. Kwetu hapo ndipo BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inapoingia. Tano, tamko lake mwenyewe kwamba atauza tu bidhaa zinazokubalika kwa sheria za Ulaya.

Mpaka hapo ni fomu tu, na fomu hata tapeli hujaza. Uzito uko kwenye hatua inayofuata. Mwenye soko anatakiwa ajitahidi kwa dhati kupima kama taarifa hizo zinaaminika na zimekamilika, ama kwa kuzilinganisha na madaftari rasmi yaliyo wazi mtandaoni, ama kwa kumwomba muuzaji vielelezo kutoka chanzo cha kuaminika. Akiona kasoro, amtake muuzaji arekebishe. Asiporekebisha, duka lake lisimamishwe mpaka arekebishe. Waliokuwa wakiuza tangu kabla ya sheria walipewa miezi 12 kukamilisha; wasipotoa taarifa, wafungiwe. Na muuzaji akiona kaonewa, anayo haki ya kulalamika.

Hata hivyo, sheria haikumfanya mwenye soko mdhamini wa kila neno. Aliyedanganya ndiye anayebeba uongo wake. Mwenye soko anahukumiwa kwa kutouliza, kama kijana wa ushuru anavyohukumiwa kwa kupitisha ng'ombe bila barua, si kwa barua iliyoghushiwa kwa ustadi.

Mama wa vikapu atakutana na geti jingine pia. Tangu Desemba 13, 2024, kanuni za Ulaya za usalama wa bidhaa zinataka bidhaa ya kutoka nje iwe na mwakilishi anayewajibika aliye ndani ya Umoja huo. Kwa kiwanda kikubwa hilo ni karatasi moja zaidi. Kwa mtu mmoja na vikapu kumi, linaweza kuwa mwisho wa safari, na ni heri alijue kabla hajalipia usafirishaji.

Saa ya Bulgaria na kuku watano

Je, anayeuza kitu chake kimoja naye aletewe fomu hizi? Bulgaria kulitokea kisa kidogo kilichoisumbua mahakama kubwa. Mtu alinunua saa iliyotumika kwenye tovuti ya matangazo madogo, muuzaji akiwa anatumia jina la kujibandika. Saa haikulingana na tangazo, akataka hela yake, muuzaji akakataa. Mamlaka ya walaji ilipochunguza ikamkuta mwanamke mwenye matangazo manane ya vitu mbalimbali, vipya na vya zamani. Wakamwambia: wewe ni mfanyabiashara, ulipaswa kujitaja. Oktoba 4, 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema matangazo manane peke yake hayamfanyi mtu mfanyabiashara. Iangaliwe kama anauza kwa mpango, kwa faida, mara kwa mara, kama ananunua ili auze.

Hilo ni swali ambalo Tanzania imelijibu kwa namna yake. Desemba 2018 Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Machinga aliyekuwa akikimbizwa akapata kadi ya kuning'iniza shingoni. Ukiacha mabishano yaliyoizunguka, kadi ile ilikuwa na hekima moja: ilitambua kwamba kati ya mwenye kampuni na mama anayeuza kuku watano ili alipie sare za shule kuna watu wengi wa katikati, na watu hao nao wanataka kutambulika bila kubebeshwa mzigo wa kampuni.

Sheria ya Ulaya nayo ina mlango wa wadogo. Kifungu cha ufuatiliaji hakimgusi asiyefanya biashara, na masoko yenyewe yakiwa madogo, chini ya wafanyakazi 50 na mapato yasiyozidi euro milioni 10 kwa mwaka, yamesamehewa. Msamaha huo una sababu, ila pia una tundu: tapeli hachagui soko kubwa kama dogo haliulizi.

Kipi kionekane

Kuna jambo ambalo wanawake wanaouzia nyumbani watalishika haraka kuliko wanasheria. Ukiweka anwani yako hadharani, mteja mwema anakuamini. Mtu mwingine, asiye mteja, anajua sasa unalala wapi.

Sheria ya Ulaya iligawa taarifa mafungu mawili. Mnunuzi anaonyeshwa jina la mfanyabiashara, anwani, simu, barua pepe, namba ya usajili kama ipo, na lile tamko la kufuata sheria. Nakala ya kitambulisho na akaunti ya fedha zinabaki kabatini kwa mwenye soko, hazitolewi kwa mtu mwingine ila sheria ikitaka. Mfanyabiashara akiondoka, kabati linatunzwa miezi 6, kisha taarifa zinafutwa. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema. Ulaya wameongeza kwamba daftari nalo liwe na siku yake ya kuchanwa. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023 inatoa msingi wa kufikiri hivyo hivyo, na ni vizuri, kwa sababu picha za vitambulisho vyetu zinazunguka kwenye simu za mawakala na madalali kama vipeperushi vya mkutano wa hadhara.

Usidhani lakini kwamba kule mambo yamenyooka. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi rasmi dhidi ya soko la mtandaoni la AliExpress, na ufuatiliaji wa wafanyabiashara ulikuwa kati ya mambo yaliyochunguzwa. Juni 2025 Tume ikazikubali ahadi za kampuni hiyo za kurekebisha mambo kadhaa, hilo likiwemo, zikawa za lazima. Na mwezi huo huo ikaeleza, kwa hatua ya awali, kwamba kampuni haikuzuia vya kutosha bidhaa haramu. Geti limewekwa, mlinzi yupo, na bado mlinzi naye anahitaji kulindwa.

Geti letu liko wapi?

Rudi kwa kijana wa pampu. Tungeichukua sheria ya Ulaya yote tukaileta Singida kesho, ingemsaidia? Jibu si rahisi, kwa sababu alikonunua hapakuwa na soko kwa maana ya sheria ile. Jumia, kampuni ya biashara mtandaoni iliyokuwa na duka, kikapu na mfumo wa malipo, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Biashara yetu imebaki kwenye kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako picha iko mahali pamoja, maelewano inboksi, malipo kwenye mtandao wa simu na mzigo kwenye basi. Mnada umekatwa vipande vinne na kila kipande kina mwenyewe. Ukimuuliza wa picha, atasema yeye hapokei hela. Ukimuuliza wa hela, atasema yeye hakuona bidhaa. Konda wa basi hakupokea mzigo wowote. Kila mmoja anasema kweli.

Ndiyo maana ukinunua Kariakoo kupitia winga, yaani dalali wa sokoni, unayemjua, au aliyeletwa na binamu yako, uko salama kuliko kwenye ukurasa wenye wafuasi laki mbili. Winga hana cheti. Ila binamu yako anapajua anapokaa, na ukiuziwa mbuzi kwenye gunia unaye wa kuanzia naye. Huo nao ni ufuatiliaji, ule wa zamani, unaopita kwa watu. Ubaya wake ni kwamba haufiki mbali: kijana wa Mwankoko asiye na binamu Kariakoo hana pa kuanzia.

Kwa leo mnunuzi anabaki kuwa kijana wa ushuru wa nafsi yake. Linganisha jina la lipa namba na jina la duka. Kama ukurasa unajiita kampuni na malipo yanakwenda kwa laini ya mtu binafsi, uliza kwa nini. Omba jina la usajili, ulitafute kwenye mfumo wa BRELA. Taka nusu ya malipo ibaki mpaka mzigo ufike stendi, na muuzaji akikasirika, mwache na hasira zake. Hatua hizi zinasaidia, na mimi mwenyewe nazifuata. Lakini tazama zinachodai: kwamba kila mnunuzi wa kila kata asome kila barua ya kila ng'ombe. Hakuna mnada unaoendeshwa hivyo.

Katika vipande vyetu vinne, kimoja kinamjua muuzaji tayari. Mtandao wa simu una kidole chake, namba yake ya NIDA na historia ya fedha zilizopita mkononi mwake. Tukitafuta geti la Tanzania, tusianze kulijenga pale Instagram, nchi za mbali. Tuanze pale fedha inapopita. Anayetaka kupokea malipo ya biashara apokee kwa lipa namba ya biashara, yenye jina la biashara, iliyolinganishwa na daftari la BRELA au la wajasiriamali wadogo. Na namba hiyo ikilalamikiwa, ifungwe pamoja na mwenyewe, asirudi kesho kwa laini ya bibi wa watu. Hakuna alama ya kidole mpya inayohitajika kwa hilo. Anahitajika mmoja kati ya wale wanne aambiwe kwamba swali la "wa nani?" ni lake.

Mzee wa Mwankoko alilalamika siku ile pale getini, na alikuwa na haki ya kulalamika: jua lilikuwa kali, na ng'ombe kweli alikuwa wake. Alirudi nyumbani kuifuata barua. Kijana wa ushuru hakumwita mwizi, wala hakumwacha apite.